Mtutu Haujui Mizani



Karatasi niliyoibandika ubaoni ni ya shabaha. Imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi mikunjo imeanza kuachana. Ina matundu manane. Mawili ni ya duara, kama tundu la risasi linavyopaswa kuwa. Sita ni marefu. Mlioketi mbele mnaona tundu lile la kushoto lilivyobeba umbo zima la risasi iliyolala ubavu: huku pua, kule tako. Wapigaji shabaha wa nchi nyingi hulifananisha na tundu la ufunguo, na hakuna anayeliona kwenye karatasi yake akafurahi.

Aliyeipiga karatasi hii alikuwa kijana, askari mpya wa wanyamapori. Wakati huo dhamana ya ghala la silaha na mazoezi ya shabaha ilikuwa mikononi mwangu. Bunduki ilikuwa ndogo, ya milimita 5.56, ya kukoki kwa mkono, na siku ile tulikuwa tumefungua maboksi mapya ya risasi. Kijana akapiga, tukaenda kuangalia, tukakuta haya. "Afande," akaniambia, "mkono wangu haukutikisika." Nikamrudisha kwenye mstari, nikamwambia apumue, avute taratibu. Tukasogeza shabaha hadi mita 100, na huko risasi tatu hazikugusa hata karatasi. Nikaandika daftarini kwamba hana shabaha. Akaondolewa kwenye kikosi cha doria, akapelekwa kulinda lango.

Wiki kadhaa baadaye alikuja fundi wa bunduki, mtu mzima aliyezeeka katika kazi hiyo, kukagua ghala. Akaitazama karatasi kwa muda. Akachukua boksi la risasi, akasoma ubavuni: greni 75. Kisha akaishika bunduki, akahakikisha ni tupu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha na kunionyesha maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma cha mtutu: 1-12. "Mwanangu," akaniuliza, "nani kaziozesha risasi hizi na mtutu huu?"

Kijana alirudishwa kikosini, nami nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Haya nitakayoyasema leo ni yale niliyopaswa kuyajua kabla ya kuandika neno lolote katika daftari lile.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili huita risasi yale madini laini, mazito, ya kijivu. Na huita risasi kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Jina ni moja kwa sababu kwa karne nyingi kitu kilikuwa kimoja. Mwenye gobore aliyeyusha risasi, akaimimina kwenye kalibu, ikatoka goroli. Goroli haina mbele wala nyuma. Ikibingirika angani hakuna kinachoharibika sana, kwa kuwa upande wowote itakaotanguliza ni uleule. Udhaifu wake ni kwamba huchoka mapema: hewa inaizuia, kasi inapotea, na kila goroli inajichagulia njia yake.

Atakaye risasi iende mbali lazima airefushe, aichonge pua, aifanye ipasue hewa. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Risasi ndefu yenye pua nyembamba ina unene wake nyuma, kwa hiyo kitovu cha uzito wake kimekaa karibu na tako. Hewa inayokuja mbele haisukumi pale penye kitovu cha uzito. Inasukuma mbele yake, kuelekea puani. Matokeo ni kani ya kuipindua, kana kwamba mtu ameisukuma pua kwa kidole, na risasi ikiachwa hivyo hupinduka mara moja. Mshale hauna shida hiyo, kwa sababu kigumba kizito kiko mbele na manyoya yako nyuma. Hewa ikishika manyoya inaunyoosha. Risasi ni mshale uliotengenezwa kinyume. Inataka kwenda mrama tangu inapotoka mtutuni.

Dawa yake watoto wetu wanaijua bila kufundishwa fizikia. Pia, ile ya kuchezea, ukiisimamisha kwenye ncha yake bila kuizungusha, inaanguka. Ukiizungusha kwa kamba, inasimama. Ukiigusa ubavuni inayumba, inachora kiduara kwa kichwa chake, kisha inatulia tena. Mzunguko unaipa ukaidi, inakataa kupinduliwa. Mafundi wa Ulaya walianza kuchonga mifuo ndani ya mitutu kiasi cha miaka 500 iliyopita, mifuo inayopanda kwa kujisokota, na baina ya mfuo na mfuo likabaki tuta. Risasi ikisukumwa na baruti hukabwa na matuta yale, hulazimika kufuata msokoto, na hutoka mdomoni ikiwa imekwisha kuwa pia.

Alama ya 1-12 aliyonionyesha fundi maana yake ni hii: risasi humaliza mzunguko mmoja kila inaposafiri inchi 12 ndani ya mtutu, yaani milimita 305. Ya 1-7 humaliza mzunguko mmoja kila inchi 7, milimita 178. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo msokoto wa kasi. Na kasi hiyo si ya mchezo. Risasi inayotoka kwa mita 945 kwa sekunde kwenye mtutu wa 1-7 inazunguka zaidi ya mara 5,300 kila sekunde. Ni vitu vichache mno katika nyumba zetu, au karakana zetu, vinavyozunguka kwa kasi inayokaribia hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Ukiwauliza wawindaji na askari msokoto hulinganishwa na nini, watakujibu: uzito. Risasi nzito inataka msokoto wa kasi, nyepesi inataka wa polepole. Maboksi yenyewe yanatufundisha hivyo, kwa kuwa kinachoandikwa ubavuni ni greni, kipimo cha kale kilichotokana na punje ya nafaka, ambapo greni 15.4 hufanya gramu 1. Jibu hilo mara nyingi linafanya kazi, na ndiyo sababu ni hatari. Mtutu haujui mizani. Kinachoupa mtutu kazi ni urefu wa risasi ukilinganishwa na unene wake. Uzito ni shahidi tu, na kuna siku shahidi huyo hudanganya.

Kwa kawaida hasemi uongo, na sababu iko wazi. Risasi za bunduki moja zina kipenyo kimoja, huwezi kuzinenepesha. Ukitaka kuongeza uzito na madini ni yaleyale, unabaki na njia moja, kuirefusha. Ni kama kiwanja cha Kariakoo: upana umekwisha, aliye na fedha anaongeza ghorofa. Kwa hiyo katika kipenyo kimoja, uzito na urefu hupanda pamoja, na watu wakazoea kutaja mmoja kwa niaba ya mwingine.

Nitawaonyesha mahali wanapoachana, na hatuna haja ya kwenda mbali. Twende vitani Tanga, Novemba 1914. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa na askari wa Kiafrika waliobeba bunduki za vizazi viwili. Kombania nyingi zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, iliyotumia baruti nyeusi na kumwaga moshi uliomwonyesha adui mahali hasa alipolala mpigaji. Nyingine zilikuwa na Mauser mpya ya milimita 7.92, isiyo na moshi. Habari ya moshi imesimuliwa sana, na ni haki isimuliwe, kwa maana iligharimu roho za watu. Mimi nawaomba mchungulie ndani ya mitutu yenyewe.

Risasi ya bunduki kongwe ilikuwa na gramu 25. Ile mpya yenye pua kali, iliyoingia jeshini mwa Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na gramu 10. Mwenye kushika kanuni ya uzito atatarajia ile ya gramu 25 izungushwe kwa nguvu zaidi. Mambo yako kinyume kabisa. Bunduki kongwe ilikuwa na mzunguko mmoja kila milimita 550, na mpya mzunguko mmoja kila milimita 240. Iliyo nyepesi ndiyo iliyopewa msokoto wa kasi, tena kwa zaidi ya mara mbili.

Chukueni rula badala ya mizani. Risasi zote mbili zilikuwa na urefu unaokaribiana, kama milimita 27 au 28. Lakini ya kwanza ilikuwa nene: ukiupima urefu wake kwa kipenyo chake, unapata vipenyo viwili na nusu. Ya pili ilikuwa nyembamba: urefu huohuo ni vipenyo vitatu na nusu. Ya kwanza ni pipa, ya pili ni penseli. Pipa husimama lenyewe kwa msaada kidogo. Penseli inataka kusokotwa hasa. Tena pimeni msokoto nao kwa vipenyo, mtaona ulivyo mzuri mpangilio huu: milimita 550 kwa kipenyo cha 11 ni vipenyo 50, milimita 240 kwa kipenyo cha 7.92 ni vipenyo 30 hivi. Kadiri risasi inavyorefuka kwa kipimo cha unene wake, ndivyo mzunguko unavyofupishwa.

Uhusiano huo aliuandika mwanahisabati Mwingereza, Alfred George Greenhill, mwaka 1879, alipokuwa akifundisha maafisa wa mizinga huko Woolwich. Kanuni yake ni fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuibeba kichwani hadi porini. Pima urefu wa risasi kwa vipenyo vyake. Gawanya 150 kwa namba hiyo. Jibu ni urefu wa mzunguko mmoja, nao kwa vipenyo. Kwa risasi zinazoruka kwa kasi kubwa, zaidi ya mita 850 kwa sekunde, watu waliokuja baadaye walitumia 180 badala ya 150. Uzito hautajwi popote. Greenhill aliufungia ndani ya ile 150, akichukulia kwamba risasi imetengenezwa kwa risasi.

Tuijaribu kwenye karatasi yangu. Risasi ya kijana yule, ya greni 75, ilikuwa na urefu wa kama milimita 25. Kipenyo cha risasi yenyewe ni milimita 5.7. Hiyo ni vipenyo 4.4. Tuwe wakarimu, tutumie 180: tunapata vipenyo 41, ambavyo ni kama milimita 233, inchi 9 na kidogo. Mtutu wangu ulikuwa wa inchi 12. Haukukosea kwa unywele, ulikuwa mbali. Kijana angeweza kuwa na mkono wa jiwe, risasi zingepinduka vilevile. Yale matundu mawili ya duara ni ya risasi zilizofika kwenye karatasi zikiwa zimejinyoosha kwa sadfa, katikati ya kupinduka kwake.

Jeshi la Marekani lilijifunza somo hilo kwa bunduki ya kipenyo hikihiki. Eugene Stoner na wenzake walipotengeneza AR-15 mwishoni mwa miaka ya 1950, waliupa mtutu msokoto wa 1-14, uliokuwa umezoeleka kwenye bunduki ndogo za kuwindia za .222 Remington. Risasi ilikuwa ya greni 55, urefu wake karibu milimita 19, yaani vipenyo 3.3. Gawanya 180 kwa 3.3, zidisha kwa kipenyo, utapata inchi 12 na kitu. Kumbe 1-14 ilikuwa tayari imevuka ukingo. Katika hewa ya joto risasi ilijikongoja ikafika. Ilipojaribiwa katika baridi kali ya nyuzi nyingi chini ya sifuri ikaanza kuyumba, na mwaka 1963 msokoto ukabadilishwa kuwa 1-12.

Miaka ikapita. Mwaka 1980 nchi za NATO zikachagua risasi ya Kibelgiji ya greni 62, SS109, iliyowekewa kipande cha chuma ndani ya ncha. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo kinachukua nafasi kubwa zaidi kwa uzito uleule, na risasi ikarefuka hadi milimita 23. Msokoto wa 1-12 haukuitosha, 1-9 ungeitosha. Lakini Wamarekani, walipotengeneza M16A2, toleo la baadaye la AR-15 ileile, walikwenda hadi 1-7. Kwa nini? Kwa sababu ya ndugu yake, ile inayowaka mkiani ili mpigaji aone inakopita. Tako lake limechimbwa na kujazwa kemikali ya kuwaka, nyepesi mno kulinganisha na risasi. Uzito wake ni greni 64 kasoro kidogo. Urefu wake ni karibu milimita 29.

Naomba msimame kidogo hapo. Kati ya risasi hizo mbili tofauti ya uzito ni kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Huwezi kuihisi kiganjani. Hata mizani ya sonara itakudai utulivu. Tofauti ya urefu ni milimita 6, na milimita hizo 6 ndizo zilizoamua msokoto wa mamilioni ya bunduki. Kama ningekuwa na nafasi ya kuonyesha mfano mmoja tu jioni hii, ningeonyesha huo.

Waingereza nao wana mfano wao. Keya, kama wazee wetu walivyowaita askari wa King's African Rifles, walibeba Lee-Enfield ya .303, mtutu wake ukisokotwa 1-10, tena kwa kuelekea kushoto, jambo lisilo la kawaida. Ulibuniwa kwa risasi ya greni 215 yenye pua butu. Mwaka 1910 ikaja ya greni 174, pua kali, na ncha yake ndani ya ala, yaani gamba la madini linaloifunika, iliwekewa alumini badala ya risasi. Uzito ukashuka kwa karibu moja ya tano, urefu haukushuka hivyo, na mtutu ukaendelea na kazi bila kubadilishwa chochote.

Kuna pia hasara ya biashara iliyotokana na jambo hili. Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilitoa bunduki za kuwindia za milimita 6. Winchester waliisokota yao ya .243 kwa 1-10 wakaipa risasi hadi ya greni 100, inayofaa paa na kulungu. Remington waliisokota yao ya .244 kwa 1-12, wakiwa na mawazo ya wanyama wadogo na risasi za greni 75 na 90. Wanunuzi walitaka bunduki moja ya kazi zote. Ile ya Winchester ipo hadi leo kila mahali. Ya Remington ilibidi ipewe jina jipya mwaka 1963, 6mm Remington, na msokoto mpya wa 1-9. Jina likabadilika, lakini soko lilikuwa limekwisha kuondoka.

Sasa niwape jambo ambalo huwashtua hata wapigaji wazoefu. Chukua risasi mbili zenye kipenyo kimoja, umbo moja na urefu mmoja, moja nzito kuliko nyingine. Ipi ni rahisi kuituliza? Ile nzito. Mmarekani Don Miller, aliyetoa kanuni bora zaidi kuliko ya Greenhill mwaka 2005, aliuweka uzito waziwazi ndani ya hesabu, na ukiutazama unaona unasimama upande wa kusaidia: uzito ukiongezeka na urefu ukibaki, utulivu unaongezeka. Urefu ndio unaovuta upande wa pili, na unavuta kwa nguvu mno, karibu kwa mchemraba wake. Hesabu ya Miller hutoa namba ya utulivu. Chini ya 1 risasi inapinduka. Ikifika 1.5, mwenye bunduki hana sababu ya kukosa usingizi.

Hili limekuwa la haraka siku hizi kwa sababu risasi imeacha kuwa risasi. Mnanielewa: kinachopigwa kimeanza kutengenezwa kwa shaba tupu. Kampuni ya Barnes ya Marekani ilitoa ya kwanza iliyopata umaarufu mwaka 1989, na tangu hapo zimeenea. Sababu mojawapo ni njema na inanigusa mimi niliyeishi na tai porini. Risasi ya kawaida inapompiga mnyama huvunjika vipande vidogo sana, vingine vidogo kuliko punje ya mchanga, vinabaki kwenye nyama na matumbo. Ndege walao mizoga wanavimeza na kufa kwa sumu; huko California tai wakubwa waitwao kondori walikaribia kwisha, na risasi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku katika uwindaji wote wa jimbo hilo kuanzia Julai 1, 2019. Binadamu anayekula nyama ileile naye hana kinga ya pekee.

Lakini shaba ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3; ya shaba ina karibu gramu 9. Risasi ya shaba ya greni 150 ni ndefu kuliko ya risasi ya greni 150. Mwindaji anafika dukani, anataja uzito aliouzoea kwa miaka 20, anapewa boksi lenye namba ileile, na mtutu wake unapokea kitu kingine kabisa. Ushauri wangu kwa mwenye bunduki ya zamani anayehamia shaba ni kushuka uzito hatua moja: aliyepiga greni 180 aanze na 165 au 150. Hapotezi kitu, kwa kuwa shaba haimomonyoki ndani ya nyama, inabaki na uzito wake karibu wote.

Hewa nayo ina sauti. Tuliozaliwa nyanda za juu tuna upendeleo ambao hatuujui. Mwinuko wa Arusha, kama mita 1,400, una hewa nyembamba kuliko ya pwani, na namba ya utulivu inapanda kwa karibu asilimia 15 bila mtu kugusa bunduki. Joto linasaidia vilevile. Hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri ni nzito kwa takriban asilimia 30 kuliko hewa ya nyuzi 30 za kwetu, na hapo ndipo AR-15 za kwanza zilipoaibika. Kwa hiyo mtu anaweza kuipima bunduki yake huku juu, ikapiga vizuri, akashuka nayo pwani asubuhi ya baridi ikaanza kutawanya. Mwenye namba ya 1.1 asijisifu, amekopeshwa na mlima.

Mtu ataniuliza: basi kwa nini tusisokote mitutu yote kwa 1-7 tukamaliza? Swali ni la haki, na siku hizi wengi wanaelekea huko. Msokoto ukizidi kidogo madhara yake ni madogo kuliko ukipungua. Lakini yapo. Hakuna risasi iliyotengenezwa sawa kamili. Upande mmoja wa ala huwa mnene kuliko mwingine kwa kiasi kisichoonekana, na kadiri inavyozungushwa kwa kasi ndivyo kosa hilo linavyoitupa pembeni inapotoka mdomoni. Warusi walilipa gharama hiyo kwa Dragunov, bunduki yao ya wadunguzi. Ilianza mwaka 1963 na msokoto wa milimita 320. Katika miaka ya 1970 ukabanwa hadi 240 ili iweze kurusha risasi ndefu za kutoboa na kuchoma, na mdunguzi akapoteza sehemu ya usahihi wake kwa risasi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Na risasi ndogo zenye ala nyembamba, zile za kuulia wanyama wadogo waharibifu shambani, zikizungushwa kupita kiasi hupasuka angani. Mpigaji anaona kivuli cha kijivu kama moshi, na shabaha haina kitu.

Kabla sijafika mwisho, kuna jina ambalo lazima nilitaje, kwa sababu kila ninapozungumzia haya mtu hunyanyua mkono na kulitaja. Walter Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 iliyokuwa ndogo machoni pa wenzake. Hesabu hiyo inanihuzunisha. Nimetumia maisha yangu nikilinda watoto wa tembo wale. Lakini swali la kiufundi ni la kweli: vipi risasi ya greni 173 ilipita kwenye fuvu la mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu? Risasi yake ilikuwa ndefu, zaidi ya vipenyo vinne, pua ya duara, ala ya chuma isiyofunguka, na Mauser zilizoipiga zilisokotwa kila milimita 220, msokoto wa kasi. Ilifika kwenye ngozi ikiwa imenyooka kama sindano.

Kufika ikiwa imenyooka ndiyo sehemu ya kazi inayouhusu mtutu. Ndani ya nyama hakuna msokoto unaotosha, maana mwili una uzito wa maji, na maji ni mazito kuliko hewa kwa mara 800. Huko umbo la pua ndilo linaloamua kama risasi itanyooka au itapinda. Lakini inayoingia ikiwa imeinama inaanza kupinda palepale, inasimama kabla ya kufika ubongoni au moyoni, na mnyama anaondoka na jeraha. Nimewahi kufuata damu ya nyati kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua linazama, tukiwa watu wanne, kila kichaka kikiwa na uwezekano wa kuwa cha mwisho kwa mmoja wetu. Kwa mtu aliyefanya hivyo, hesabu ya vipenyo haiwezi kuwa jambo la darasani.

Basi mwenye bunduki isiyo na maandishi kwenye mtutu afanye hivi. Atoe risasi zote, atazame chemba kwa macho, aiguse kwa kidole, kisha atazame tena. Achukue ufito wa kusafishia ambao mshikio wake unauacha ufito uzunguke wenyewe, aufunge kitambaa kinachobana, auingize kutoka upande wa chemba hadi kitambaa kishike mifuo. Achore alama ya wino juu ya ufito, na nyingine penye usawa wa mwisho wa chuma. Asukume polepole, akiitazama alama ikizunguka. Ikirudi juu ilipoanzia, achore ya tatu penye usawa uleule. Umbali kati ya ya pili na ya tatu ndio msokoto wake. Arudie mara tatu, kwa kuwa kitambaa huteleza. Mitutu mingine mifupi haitoshi mzunguko mzima. Apime nusu, azidishe mara mbili.

Kisha apime risasi yenyewe, urefu kwa urefu, kuanzia ncha hadi tako. Hapa mezani nimeweka kalipa mbili, rula ya chuma, ufito, na mtutu mkuukuu uliokatwa ili mwone mifuo yake. Risasi zilizo kwenye sahani hazina baruti wala maganda, zishikeni. Miongoni mwake zipo mbili za greni 150, moja ya risasi na nyingine ya shaba. Zisimamisheni ubavu kwa ubavu. Na karatasi ya kijana wangu naomba ipite mkono kwa mkono, ila ishikeni kwa pembeni, ikifika nyuma irudishwe mbele.